Ndoa za Rangi Mbili Mbele ya Madhabahu

Miriamu alipomlaumu Musa kwa kumwoa mwanamke Mkushi, aliyepigwa ukoma si Musa (Hesabu 12).

Mwaka 1814, kusini mwa Afrika, mmisionari Mjerumani Johann Heinrich Schmelen alimwoa Zara, Mkristo wa kabila la Wanama. Kwa msaada wa mama huyo Injili nne zilitafsiriwa kwa Kinama, zikachapwa mwaka 1831. Binti yao Hanna aliolewa na mmisionari Kleinschmidt mwaka 1842.

Lakini serikali ya Kijerumani ilizizuia ndoa kama hizo: Namibia mwaka 1905, na hapa kwetu mwaka 1906. Mwaka 1907 mahakama ya Windhoek ikazibatilisha hata zilizokwisha kufungwa. Wake waliobarikiwa madhabahuni wakahesabiwa kuwa si wake.