Maji hayatoki kwenye sinki la kunawia: mambo ya kuangalia kabla ya kumwita fundi

Sinki la kunawia likikauka au likitoa maji kama uzi, wengi wetu hukimbilia kufungua kila nati inayoonekana. Hapo ndipo bomba la ukutani hukatika, na kazi ya dakika 10 inageuka kazi ya kubomoa ukuta. Tuanze kwa kuuliza swali moja: tatizo liko kwenye sinki hili peke yake, au nyumba nzima?

Fungua koki nyingine, hasa ya nje iliyo chini. Kama nayo haitoi, sinki halina kosa. Angalia kama tenki lina maji, kama koki kuu imefunguliwa yote, na kama maji ya mtaa yapo. Mita ya mamlaka ya maji usiiguse.

Kama unatumia tenki, kimo chake ndicho kinacholeta presha. Mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1. Tenki lililo mita 2 juu ya koki hutoa baa 0.2 tu. Hapo maji yatakuja taratibu hata kama kila kitu ni kizima. Na tenki likiwa limekauka kisha likajazwa, hewa inaweza kunasa kwenye bomba. Fungua koki ya chini kabisa uiache mpaka maji yaache kukohoa.

Koki nyingine zikitoa vizuri, anzia mdomoni mwa koki ya sinki. Nyingi zina kichujio kidogo cha wavu, na mchanga hujaa humo, hasa baada ya bomba la mtaa kutengenezwa. Kifungue kwa mkono. Kikigoma, kizungushie kitambaa halafu tumia plaizi. Kabla ya kukirudisha, fungua maji kidogo: yakitoka kwa nguvu, umempata mwizi. Kisugue kwa mswaki wa zamani. Kikiwa na ukoko mweupe wa chumvi za maji, kiloweke kwenye siki au maji ya limau kwa saa moja hivi.

Bado? Inama chini ya sinki. Kuna koki ndogo ya ukutani, na mpira unaotoka hapo kwenda juu. Mara nyingi koki hiyo imefungwa nusu na mtu aliyekuwa anadeki. Kama iko wazi, ifunge, weka ndoo, kisha fungua nati ya mpira upande wa koki hiyo. Shika koki kwa spana moja na nati kwa nyingine, ili nguvu isiende kwenye bomba lililo ndani ya ukuta. Sisi tunaona hili ndilo wanaoanza hulisahau zaidi.

Sasa fungua koki ndogo taratibu, maji yaingie kwenye ndoo. Yakija kwa nguvu, uchafu uko kwenye mpira au kwenye koki ya juu. Yakija dhaifu, koki ndogo yenyewe au bomba nyuma yake limeziba. Hapo mwite fundi.

Wakati wa kurudisha, angalia kama washa ya mpira iko ndani ya nati. Ikipasuka, nunua nyingine. Ni kitu cha bei ndogo. Kwenye nati yenye washa huhitaji tepu nyeupe. Tepu ni ya nyuzi za chuma zinazofungana zenyewe, na huzungushwa kwa mwelekeo wa kukazia. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Panguza kavu, fungua maji, weka karatasi chini kwa nusu saa. Ikilowa, ongeza kidogo.

Jambo moja dogo: maji yakikatika mtaani, funga koki zote. Yakirudi usiku wa manane na koki iko wazi, utaamka ukiwa na godoro lililolowa.