Gundi ya Pancha Ilivyoutikisa Mpira wa Meza, na Ujanja Uliobaki Mpaka Leo

Ukiangalia mpira wa meza kwenye Olimpiki unaweza kudhani kasi ile yote ni mkono tu. Kumbe kuna kipindi siri ilikuwa kwenye kopo la gundi!

Miaka ya 1970, mastaa wawili wa Ulaya, mmoja wa Yugoslavia na mwenzake wa Hungaria, walibandika raba za raketi zao kwa gundi ya kuzibia pancha za baiskeli. Mpira ukaanza kutoka kama risasi. Iko hivi: kemikali ya kwenye gundi inaingia kwenye vitundu vya sponji iliyo chini ya raba, sponji inavimba, raba ya juu inakazwa kama ngozi ya ngoma. Mpira ukigusa tu, unaondoka na kasi na mzunguko wa hatari. Ila nguvu hiyo haidumu, inaisha baada ya saa chache. Kwa hiyo kabla ya mechi ni kubandua, kupaka upya, kubandika.

Mwaka 1979 Hungaria wakawachapa Wachina fainali ya dunia ya timu, na yule jamaa wa gundi alikuwemo kikosini. Baada ya hapo nani angekubali kubaki nyuma? Karibu kila staa akawa na kopo lake.

Shida ni kwamba kemikali zile ni ndugu wa zile zinazowalevya watoto wa mtaani wanaovuta gundi. Wachezaji, hadi madogo, walikuwa wanazivuta chumbani kila siku. Shirikisho la dunia, ITTF, likapiga marufuku kuanzia Septemba 1, 2008, mara tu baada ya Olimpiki ya Beijing.

Mchezo ukaishia hapo? Wapi! Yakaja mafuta ya kupaka kwenye sponji. Nayo yanaivimbisha, lakini kifaa cha kunusa mvuke wa gundi hakiyakamati. Sheria inasema raba itumike kama ilivyotoka kiwandani, ila kuthibitisha ndiyo kazi.

Mwaka 2012 nyota mmoja wa Japani alichoka, akasusia mashindano ya kimataifa kupinga mafuta hayo. Alikosa mechi, mchezo ukaendelea bila yeye. Baadaye akarudi, na Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akabeba dhahabu ya wawili mchanganyiko.

Sheria isiyopimika inamuumiza anayeitii. Ungekuwa wewe, ungesusa, ungepaka, au ungecheza hivyo hivyo? Funguka hapo chini.