Fidia: ya mtoaji au ya mdai?

Gari likishagongwa, neno la kwanza mdomoni huwa tusi. La pili ni fidia.

Neno hili limetoka katika Kiarabu, fidya, na huko asili yake si la mdai bali la mtoaji: ni mali ya kumkombolea mateka. Waislamu wa pwani wanaijua sura hiyo bado. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia, yaani hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Barabarani mkondo umegeuka. Aliyeumia ndiye anayeinyooshea mkono.

Tanzania, sheria hulazimisha angalau bima ya mtu wa tatu, ambayo mtaani inaitwa “bima ndogo”. Mtaa umepatia kuliko sheria, kwa kweli, maana jina linaonya mapema: inamlipa uliyemgonga, si bampa yako. Anayetaka na gari lake litengenezwe hukata “bima kubwa”. (Hukata, kama tiketi ya basi.)

Majeruhi naye huanzia polisi kuchukua PF3, fomu ambamo daktari huandika majeraha. Kiswahili chake rasmi wachache wanakitumia. Hata bibi kijijini husema “pii-efu-thrii”.