Breki Inayojifunga: Kutoka Reli za Karne ya 19 hadi Magari Yanayojiendesha

Historia ya magari yanayojiendesha husimuliwa kwa kawaida kuanzia kwenye kompyuta, kamera na maabara za vyuo vikuu, ilhali swali lililo zito kuliko yote katika teknolojia hiyo, yaani ni nani au ni nini kinachoamua kwamba chombo kisimame, lilianza kujibiwa katika reli zaidi ya miaka 150 iliyopita. Jibu lililopatikana huko, kwa gharama ya maisha ya watu wengi, lilikuwa kwamba breki iundwe kwa namna ambayo hitilafu yoyote itakayotokea itaifunga badala ya kuiachia. Makala haya yanafuatilia jinsi kanuni hiyo ilivyozaliwa, na jinsi ilivyoachwa njiani pale kazi ya kusimamisha chombo ilipohamishiwa kwenye programu za kompyuta.

Hadi miaka ya 1860 treni za Marekani zilisimamishwa kwa mikono. Kila behewa lilikuwa na usukani wa chuma uliounganishwa kwa mnyororo na vyuma vya kubana magurudumu, na dereva alipopiga honi ya kuomba breki, wafanyakazi waliopewa kazi hiyo walikimbia juu ya mapaa ya mabehewa, wakiruka kutoka moja hadi jingine hata katika mvua na barafu, ili kuzungusha sukani hizo moja baada ya nyingine. Wengi walianguka wakafa au wakalemaa. Mwaka 1869 George Westinghouse, kijana wa miaka 22, alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, kwa ajili ya breki ya upepo: pampu ya mvuke iliyofungwa kwenye injini ilishindilia hewa ndani ya tangi, na dereva alipofungua vali, hewa hiyo ilipita katika bomba hadi kwenye kila behewa na kusukuma pistoni zilizobana magurudumu yote karibu kwa wakati mmoja. Yalikuwa maendeleo makubwa, lakini mfumo huo wa kwanza ulikuwa na kasoro ya kimsingi, kwa kuwa breki ilifungwa na upepo unaotoka kwenye injini. Mpira wa kuunganishia mabehewa ulipopasuka, au treni ilipokatika vipande viwili, breki zilipotea zote katika dakika ileile zilipohitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Westinghouse aliugeuza mfumo wake juu chini mwaka 1872. Kila behewa lilipewa tangi lake dogo pamoja na vali yenye kazi tatu, yaani kujaza tangi hilo, kufunga breki na kuiachia, nalo bomba kuu likawa linajazwa upepo muda wote treni inapotembea. Presha ya bomba ikishuka, iwe ni kwa sababu dereva ameitoa kwa makusudi au kwa sababu mpira umepasuka, vali hiyo huruhusu upepo uliohifadhiwa katika tangi la behewa uingie kwenye silinda ya breki, na magurudumu hubanwa. Kuanzia hapo treni ilihesabiwa kuwa chombo kilichosimama ambacho dereva hukipa ruhusa ya kwenda, na ruhusa hiyo ilipaswa kuendelea kutolewa kila sekunde. Ilipokatika, kwa sababu yoyote ile, treni ilisimama. Madereva wa malori makubwa katika barabara za Afrika Mashariki wanaifahamu kanuni hii kwa vitendo, kwa maana lori la breki za upepo haliondoki mpaka upepo ujae, na upepo ukiisha njiani, springi zenye nguvu hubana magurudumu na kulizuia lilipo.

Kujulikana kwa kanuni hakukutosha kuifanya itumike. Nchini Uingereza wakaguzi wa serikali waliyahimiza makampuni ya reli kwa miaka mingi yaweke breki zinazojifunga zenyewe, na mengi yakasita kwa sababu ya gharama, hadi tarehe 12 Juni 1889 karibu na mji wa Armagh, huko Ireland. Treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao, iliyokuwa ikielekea Warrenpoint kwa matembezi, ilishindwa kupanda mwinuko, na wafanyakazi wakaamua kuikata vipande viwili ili injini ivute kwanza sehemu ya mbele. Treni hiyo ilitumia breki ya ombwe, ambayo hubana magurudumu kwa nguvu ya kunyonya hewa kutoka bombani, lakini ya aina rahisi isiyojifunga. Kwa hiyo mara tu mabehewa kumi ya nyuma yalipotenganishwa na injini, kilichobaki kuyazuia kilikuwa breki ya mkono ya gadi na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Sehemu ya mbele ilirudi nyuma kidogo ilipoanza kuondoka, ikayagonga mabehewa hayo, mawe yakapondeka, na mabehewa yakaporomoka mteremkoni hadi yakakutana na treni nyingine iliyokuwa ikija nyuma. Watu 80 walikufa. Breki ambayo ingewaokoa ilikuwa imekwisha kutumika kwa miaka 17, na hilo ndilo linaloifanya ajali ya Armagh iwe chungu kuisoma hata leo. Sheria iliyokataliwa kwa muda mrefu ilipitishwa kabla ya miezi mitatu kwisha, ikilazimisha kila treni ya abiria iwe na breki inayoenea katika mabehewa yote na kujifunga yenyewe. Marekani ilifuata kwa sheria ya mwaka 1893.

Msomaji wa Tanzania hawezi kupita hapo bila kuikumbuka Igandu, katika mkoa wa Dodoma, ambako tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilirudi nyuma kwenye mteremko, ikashika kasi, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Miaka 113 inayotenganisha ajali hizo mbili inaonyesha kwamba mlima na uzito wa mabehewa hubaki kuwa tishio lilelile katika kila zama.

Hatua iliyofuata katika reli ilikuwa kuiruhusu mashine imshinde dereva. Katika njia ya Victoria ya treni za chini ya ardhi jijini London, iliyofunguliwa mwaka 1968, mfanyakazi aliyekaa mbele alibonyeza vitufe vya kuiondoa treni kituoni, kisha treni ikajiendesha na kusimama yenyewe katika kituo kilichofuata. Usalama wake ulitegemea mapigo ya umeme yaliyopitishwa relini, ambayo treni iliyapokea kama idhini ya kuendelea. Mapigo yakikosekana, breki ya dharura ilijifunga. Wahandisi wa London walikuwa wamebadilisha upepo wa Westinghouse kwa umeme, lakini wazo lake walilihifadhi lote.

Katika magari ya barabarani mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1959 kampuni ya General Motors ilionyesha gari la majaribio lililoitwa Cadillac Cyclone, lenye rada mbili katika pua zake za mbele, yaani vifaa vinavyotuma mawimbi na kupima yanavyorudi ili kujua kitu kilicho mbele kiko umbali gani; gari hilo lilibaki kuwa la maonyesho. Mradi wa Ulaya ulioitwa Prometheus, ulioanza mwaka 1987, ulimwezesha Profesa Ernst Dickmanns na wenzake wa Munich kuliendesha gari kwa kamera na kompyuta kutoka Munich hadi Denmark na kurudi mwaka 1995, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo usukani na breki vilikuwa mikononi mwa mashine. Magari ya kuuzwa yalifuata polepole: Mercedes-Benz ya mwaka 1999 iliyotumia rada kupunguza mwendo kwa sehemu ndogo tu ya nguvu za breki, Honda Inspire ya mwaka 2003 iliyofunga breki ili kupunguza ukali wa mgongano, na Volvo XC60 ya mwaka 2008 iliyotumia leza, yaani mwali mwembamba wa mwanga, kusimama kabisa katika mwendo mdogo wa mjini.

Mifumo hiyo yote ilijengwa juu ya dhana iliyo kinyume na ile ya reli, kwamba gari liendelee kwenda mpaka mashine ithibitishe kuwa kuna hatari. Sababu yake ni ya kweli na haifai kubezwa. Reli ina njia moja na treni zilizotengwa kwa umbali, ilhali barabara ina madaraja ya juu, vibao vya chuma na magari yaliyoegeshwa, ambavyo vyote huirudishia rada mawimbi yake, na gari linalofunga breki ghafla mbele ya kivuli au kopo tupu linaweza kugongwa na lililo nyuma. Kwa hiyo wahandisi walitumia nguvu nyingi kuifundisha mashine kupuuza, wakihofia tahadhari za uongo kuliko walivyohofia ukimya.

Matokeo ya hofu hiyo yalionekana usiku wa tarehe 18 Machi 2018 mjini Tempe, Arizona, wakati gari la majaribio la kampuni ya Uber lilipomgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ulibaini kwamba vihisi vya gari vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Programu ilimwita gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, na kila ilipobadilisha jina iliacha kuzingatia mwendo aliokwisha kwenda, hivyo haikuweza kutabiri anakoelekea. Isitoshe, haikuundwa kumtarajia mtembea kwa miguu nje ya kivuko. Zilipobaki sekunde 1.2 ilitambua hatari, lakini ilikuwa imepangiwa kujizuia kwa sekunde moja nzima ili isishtuke bure. Breki ya dharura ambayo Volvo ilikuwa imeiweka katika gari hilo kiwandani ilikuwa imezimwa ili isiingiliane na kompyuta, na msimamizi aliyekaa kwenye usukani hakuwa akiangalia barabara. Shaka, ambayo katika treni ya mwaka 1872 ingetosha kufunga breki, katika gari la mwaka 2018 ilikuwa sababu ya kuendelea.

Hata hivyo kanuni ya reli haiwezi kuhamishiwa barabarani kama ilivyo, na tukio la San Francisco la tarehe 2 Oktoba 2023 linaonyesha kwa nini. Mwanamke aliyegongwa na gari lililoendeshwa na mtu alirushwa mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Teksi hiyo ilifunga breki kwa nguvu, ikamgonga na kusimama, kisha ikaanza tena kusogea pembeni ili isizuie barabara, ikamburuta takriban mita sita. Programu iliamini kwamba mahali salama pa kusimama ni kando ya barabara, haikujua aliyekuwa chini yake.

Sheria sasa zinalazimisha breki za dharura zinazofungwa na kompyuta katika magari ya kawaida: Japani ilianza Novemba 2021 kwa aina mpya za magari yake, Umoja wa Ulaya Julai 2022, nayo Marekani ilitoa mwaka 2024 kanuni itakayotimizwa ifikapo Septemba 2029. Magari ya Japani huishia kwa wingi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yametumika, na kwa kuwa Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yaliyozidi umri wa miaka minane, yale yaliyotengenezwa baada ya sheria hiyo ndiyo yatakayozidi kujaa barabarani. Kamera ya breki hizo hukaa nyuma ya kioo cha mbele, na kioo kikibadilishwa lazima ielekezwe upya kwa vipimo, kazi inayohitaji vifaa maalumu na fundi aliyeisomea. Ikipotoka au ikishindwa kuona, mfumo hujizima na gari likaendelea kwenda kama kawaida, likimwachia dereva taa ndogo ya onyo kwenye dashibodi, ambayo maelezo yake mara nyingi yameandikwa kwa Kijapani.