Ukabidhi wa Tegemeo, Si Udungaji wa Utegemezi

Wapo wanaoshikilia kwamba mtindo wa uprogramu uitwao kwa Kiingereza dependency injection, ambao jina lake lilienezwa na makala ya Martin Fowler ya Januari 2004 uitwe kwa Kiswahili "udungaji wa utegemezi", na kosa lao, ambalo kamati yoyote yenye mjumbe mmoja anayejua sarufi ingeligundua kabla ya chai ya saa nne, ni kwamba utegemezi ni hali, kama ule wa nchi inayoishi kwa misaada, ilhali kinachopitishwa ndani ya programu ni kitu. Kitu hicho ni tegemeo, kwa kiishio -o kilichozaa funiko kutokana na funika na pambo kutokana na pamba. Kudunga nako ni kutoboa, na anayedungwa sindano hachagui dawa, ilhali sehemu ya programu hutaja yenyewe, katika konstrakta, yaani pale inapoundwa, inachohitaji kupewa.

Neno stahiki ni kukabidhi. Mzizi wake wa Kiarabu hubeba maana ya kushika kwa mkono, lakini Waswahili waliugeuza hata anayekabidhi akawa yule anayemshikisha mwenziwe, na ile maana ya kale ikabaki kwa bahili, ambaye naye huitwa kabidhi kwa kuwa kiganja chake hakifunguki. Tanzania imelipa neno hili hadhi ya kisheria katika cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu, msimamizi wa mirathi na amana, anayeshika mali isiyo yake. Na ndivyo ilivyo sehemu iliyokabidhiwa tegemeo, kwani hulitumia bila kulimiliki. Wanaopendekeza "makabidhiano" wamesahau kwamba -an- hudai pande mbili zipeane, na hapa hakuna kinachorudishwa.

Matumizi hayahitaji maneno mengi. Katika programu ya kupokea malipo ya M-Pesa ya wachuuzi wa vitunguu wa Illasit, mpakani mkabala na Tarakea, sehemu inayoandika mauzo huhitaji mteja wa HTTP, yaani kifaa cha kutuma maombi, ili ifikie Daraja, lango la M-Pesa kwa programu nyingine, jina ambalo Safaricom, bila msaada wa kamati, ililiteua vizuri. Ikijiundia mteja wake, itabeba anwani ndani yake, na kuhama kutoka sandbox.safaricom.co.ke ya majaribio hadi api.safaricom.co.ke ya fedha halisi kutadai msimbo ufumuliwe, tena kila mteja ataomba tokeni yake ilhali moja hudumu takriban saa moja. Ikikabidhiwa, hubadilishwa mteja tu, hata kwa mteja bandia wakati wa kujaribu. Katika .NET, kiwanda cha wateja kilicholetwa na .NET Core 2.1 mwaka 2018 huwagawa wateja hao huku kikitumia tena miunganisho iliyo chini yao, ili soketi zisirundikane, na wenye sindano bado hawajaeleza ni nani hasa anayedungwa humo.