Kutoka Migombani hadi Bomani: Rungwe na Uandishi wa Vizazi na Vifo

Ukihudhuria mazishi Rungwe, mkoani Mbeya, iwe Kiwira, Katumba au Masukulu, kuna wakati mmoja ambapo watu wote hunyamaza. Jeneza liko uani, mvua pengine imeanza kugonga maturubai, na mwanafamilia mmoja anasimama na karatasi iliyokunjwa mara nne. Anasoma historia fupi ya marehemu: alizaliwa mwaka gani na ni mtoto wa ngapi, alibatizwa wapi, alisoma hadi darasa la ngapi, alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa au kwenye migodi ya kusini, akarudi, akaoa, akapanda chai, ameacha watoto na wajukuu wangapi, aliugua nini na alifariki saa ngapi. Akimaliza, karatasi inakunjwa tena na kurudi mfukoni. Mwili unashushwa kaburini, hatua chache kutoka mlangoni, kando ya migomba.

Karatasi ile ina karibu kila kitu ambacho serikali hutaka ili kuandikisha kifo: jina, jinsia, umri, makazi, tarehe, mahali na maelezo ya ugonjwa. Hata hivyo safari yake mara nyingi huishia mfukoni mle. Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja na kuuliza: katika milima hii, ni nani aliyekuwa akitunza habari za waliozaliwa na waliokufa, na alizitunza kwa ajili ya nani?

Rika, jina na kaburi

Kabla ya wino kufika, Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walikuwa na namna yao ya kujua umri wa mtu. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti huku kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza kwa kirefu vijiji vya rika, jambo lililoifanya Rungwe ijulikane vyuoni duniani kote. Wavulana wa miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao kando ya vijiji vya baba zao. Walikua pamoja, wakaoa, wakabaki majirani hadi uzeeni. Ukijua kijiji cha mtu, umeshajua rika lake. Mara moja katika kila kizazi kilifanyika ubusoka, sherehe ambapo watoto wa malafyale, yaani chifu, walitokezwa hadharani na utawala wa nchi kukabidhiwa kizazi kipya. Tukio hilo lilikuwa alama ya wakati kwa kila mtu: fulani alizaliwa kabla yake, fulani baada yake.

Kuzaliwa nako kulikuwa na ushahidi wake. Pacha walipozaliwa, jambo lililoitwa ilipasa, habari haikuweza kubaki ndani ya nyumba. Wazazi walitengwa na jamaa wa pande zote waliitwa kwenye mila za kuondoa hatari iliyoaminika kuwagusa wote, hata mifugo. Na majina yamekuwa kumbukumbu hadi leo. Anayeitwa Atupele anabeba shukrani ya wazazi kwamba Mungu amewapa. Lusajo ni baraka, Lugano ni upendo, Bupe ni zawadi. Ukimuuliza mama kwa nini alimwita mwanawe hivyo, atakusimulia mwaka mzima ule ulivyokuwa.

Kifo kilidai mashahidi zaidi. Ndugu walipaswa kufika, na asiyefika bila sababu alizua maswali. Chanzo cha kifo kilichunguzwa, na akina Wilson waliandika kwamba wakati mwingine mwili ulipasuliwa ili kutafuta dalili za uchawi. Ng'ombe na wajane wa marehemu walikuwa na mrithi anayejulikana, kwa kawaida mdogo wake wa tumbo moja kabla ya wanawe. Yote yalikamilishwa mbele ya macho ya watu waliomfahamu marehemu.

Utaratibu huo ulikuwa imara kwa kadiri watu walivyoendelea kuishi pamoja. Nguvu yake ilikuwa katika mashahidi. Shahidi akihama, akifa, au akiamua kukana, hakukuwa na kitabu cha kufunguliwa.

Kitabu cha kanisa

Kitabu cha kwanza kilikuja na wamisionari. Mwaka 1891 Wamoraviani walipiga kambi chini ya mlima Rungwe. Mwaka huohuo Wajerumani wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaanzisha kituo cha Wangemannshöhe upande wa chini kuelekea ziwa, na muda mfupi baadaye kile cha Manow. Ubatizo wa kwanza pale Rungwe ulifanyika mwaka 1897, na aliyebatizwa alikuwa mwanamke aliyepitia utumwa. Hilo si jambo dogo kwa msomaji wa historia: kati ya watu wa kwanza wa milima hii ambao majina yao yalitunzwa kwa maandishi, yumo mtu ambaye biashara ya utumwa ilikuwa imemkatia ndugu. Hakuwa na rika la kumshuhudia wala ukoo wa kumzika. Kitabu kilimpa mahali.

Daftari la ubatizo lilimwandika mtu pamoja na wazazi wake na siku aliyobatizwa. Kwa mtoto mchanga wa wazazi Wakristo, tarehe ya kuzaliwa iliweza kuandikwa palepale. Kwa mtu mzima aliyeongoka, tarehe ya uhakika ilikuwa ile ya maji ya ubatizo, na ile ya kuzaliwa ikabaki ya kukadiriwa. Ndiyo maana wazee wengi wa Rungwe walikuwa na hakika na siku ya ubatizo kuliko siku waliyotoka tumboni mwa mama zao.

Wamoraviani walileta pia desturi nyingine. Tangu karne ya 18, kule Herrnhut nchini Ujerumani lilikochipuka upya kanisa lao, Mmoraviani huacha maelezo ya maisha yake yaliyoandikwa, nayo husomwa siku ya maziko. Leo historia ya marehemu husomwa katika madhehebu mengi Tanzania, lakini Rungwe desturi hiyo ilikuta watu ambao tangu zamani waliamini kwamba mtu hazikwi hivihivi, sharti habari zake zitajwe mbele ya jamaa.

Mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Kwa miaka mingi makanisa yalilelewa na walimu na wazee wenyeji, wakisaidiwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia kutoka ng'ambo ya mpaka, Nyasaland. Waumini waliendelea kubatizana na kuzikana. Cheti cha ubatizo kikawa, kwa vizazi viwili vitatu, karatasi pekee ambayo mtu wa kawaida angeweza kuitoa sandukuni kuonyesha kwamba aliwahi kuzaliwa.

Boma lahesabu mapaa

Serikali ilipokuja, haikuanza na watoto. Wajerumani walikuwa na makao Langenburg kando ya Ziwa Nyasa, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakahamia juu, mahali penye hewa nzuri, wakapaita Neu-Langenburg. Ndipo Tukuyu ya leo. Ujerumani kwao ilikuwa na sheria ya usajili wa kiraia tangu mwaka 1875, kila kizazi na kila kifo kikiandikwa na ofisa wa serikali. Kwa Wanyakyusa boma lilileta kodi ya nyumba. Kilichohesabiwa ni paa. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mume wa wake watatu alilipia nyumba tatu. Watoto waliolala ndani yake hawakumhusu karani.

Waingereza walipochukua Tanganyika walitunga sheria ya usajili wa vizazi na vifo mwaka 1920, na ndiyo mzizi wa Sura ya 108 inayotumika hadi sasa. Sheria ile iliwagawa watu kwa asili yao. Kwa Wazungu na Waasia kuandikisha kulikuwa lazima. Kwa Waafrika hapakuwa na ulazima huo. Hivyo katika mji mmoja wa Tukuyu, mtoto wa ofisa wa boma alipewa tarehe na muhuri, na mtoto wa mpishi wa ofisa huyohuyo alibaki katika kumbukumbu ya nyanya yake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Tumezoea kusikia kwamba watu wa vijijini hawaandikishi watoto kwa sababu hawajaelimika. Ukweli ni kwamba kwa zaidi ya miaka 40 serikali iliwafundisha kuwa usajili hauwahusu. Mtu hawezi kuwa na desturi ya kwenda kwenye dirisha ambalo baba na babu yake hawakutarajiwa kulifikia.

Na haikuwa Tanganyika pekee. Nchini India, Waingereza haohao walitunga sheria ya mwaka 1886 iliyoacha usajili uwe wa hiari kwa watu wengi. India ilisubiri hadi mwaka 1969, miaka 22 baada ya uhuru, kupata sheria moja kwa nchi nzima inayotaka kila kizazi na kila kifo kitolewe taarifa. Baadaye muda wa kawaida wa kutoa taarifa hiyo uliwekwa kuwa siku 21. Mataifa yote mawili yalirithi rejista isiyokuwa na wananchi wengi wa nchi husika.

Pengo hilo lilijitokeza kila sensa ilipofika, tangu ya mwaka 1948. Karani alilazimika kukadiria umri kwa matukio: mama, ulizaliwa kabla ya vita vya Wajerumani au baada yake? Nzige walipokuja ulikuwa unabeba mdogo wako mgongoni? Uhuru ulikukuta umeolewa? Ndiyo maana vitambulisho vya wazee wengi vimejaa tarehe 1 Januari na 1 Julai. Hizo ni siku za kuzaliwa zilizotolewa na kalamu ya karani.

Dirisha lasogea karibu

Baada ya uhuru ubaguzi ule uliondolewa na usajili ukapanuliwa hatua kwa hatua kwa Watanzania wote wa Bara. Mwaka 2006 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Kwa maandishi utaratibu ni mwepesi. Kizazi kitolewe taarifa ndani ya siku 90, kifo ndani ya siku 30. Hospitali kama Makandana, Igogwe au Itete hutoa tangazo la kizazi, na tangazo hilo hupelekwa kwa msajili wa wilaya ili cheti kitoke. Aliyechelewa hulipa zaidi na hutakiwa kuleta ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule, barua ya mtendaji. Tazama jinsi daftari la kanisa linavyorudi tena kulitetea jina la mtu mbele ya serikali.

Tatizo lilikuwa njia. Kabla Halmashauri ya Busokelo haijatengwa na ile ya Rungwe, mama wa Mwakaleli alipaswa kufika Tukuyu, kupitia barabara ambazo mvua za huku huzigeuza utelezi kwa miezi mingi ya mwaka. Ilikuwa nauli na siku nzima ya shamba, na pengine kuambiwa arudi kesho. Wengine walitia tangazo ndani ya plastiki, wakalihifadhi kwa heshima zote, wakidhani ndicho cheti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano wameandikishwa.

Mabadiliko makubwa yalianzia mkoani hapa. Julai 2013 Mbeya ilikuwa mkoa wa kwanza kuanza mpango mpya wa RITA, uliosaidiwa na UNICEF na washirika wengine, wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Cheti kiliandikwa kwa mkono palepale, bila malipo, na taarifa zikatumwa kwenye hifadhi kuu kwa simu ya mkononi. Akina mama waliokuwa wakihesabiwa miongoni mwa wasioelimika walipanga foleni ndefu, watoto mgongoni. Walichokuwa wamekosa miaka yote ni dirisha lililo karibu.

Kifo kimebaki nyuma

Kifo bado hakijasogezewa dirisha la namna hiyo. Huku mtu huzikwa nyumbani, kwenye ardhi ya ukoo, na kaburi huchimbwa na majirani. Hakuna mlinzi wa makaburi wa kuuliza kibali. Anayefia kitandani kwake anaweza kuzikwa kesho yake na rejista ya taifa isijue kamwe.

Wanaoumia huonekana baadaye. Mjane anakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo anao, ila cheti cha kifo hana, na shauri haliendi. Kijana amefaulu kidato cha sita, anaomba mkopo wa elimu ya juu kama yatima, na Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Baba yake alizikwa miaka kumi iliyopita, mbele ya mamia ya watu, na historia yake ilisomwa. Sasa mwanawe anatafuta mtu wa kuthibitisha kwamba kweli alikufa. Wanaohitaji karatasi kuliko wote ni wale ambao mashahidi wao wametawanyika, kama yule mwanamke wa mwaka 1897.

Wala hatushindwi kuandika. Kwenye kila msiba pale mlangoni ameketi kijana na daftari la rambirambi. Anaandika jina la kila aliyefika na alichotoa: shilingi elfu mbili, debe la mahindi, mkungu wa ndizi. Hata anayetoa kidogo huandikwa, kwa sababu siku ya msiba wake daftari hilo litafunguliwa. Watu wanaotunza deni la huruma kwa uangalifu kiasi hicho hawawezi kuitwa wazembe wa kumbukumbu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na linaelekezwa kwa familia, kwa wachungaji na kwa watendaji wetu. Historia ya marehemu iandikwe nakala mbili. Moja isomwe na kukunjwa kama kawaida. Ya pili akabidhiwe mtendaji, ambaye mara nyingi yupo palepale msibani amesimama na waombolezaji, naye awaelekeze wafiwa namna ya kukamilisha usajili kabla ya siku 30 kwisha. Serikali nayo iufungulie msiba wa kijijini njia fupi ileile iliyomfungulia mama mwenye mtoto mgongoni mwaka 2013. Ikiwa hivyo, siku mjane atakapoitwa mbele ya hakimu, atakuwa na cha kumwonyesha.