Tetrasaiklini ya mwaka 1977

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mnisamehe. Nilizama kwenye habari za kipindupindu, na chanzo ni mama mkubwa. Aliniambia kwamba kilipolipuka Tanzania mwaka 1977, mtaani kwao watu waligawiwa tetrasaiklini, wagonjwa kwa wazima. Naye alimeza, wala hakuwa anaharisha.

Nikadhani anaongeza chumvi. Kumbe yameandikwa! Mwaka 1979 Fred Mhalu na wenzake walichapisha makala katika jarida la The Lancet. Mwanzoni mwa mlipuko ule, vimelea vyote walivyovipima vilidhibitiwa na tetrasaiklini. Dawa ikatumika kwa wingi, kutibu na kukinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilikuwa sugu. Miezi mitano, jamani! Hata mimba haijafika kuzaliwa.

Hapo tayari nilikuwa na makala kichwani: usugu tumejitengenezea wenyewe. Nikakutana na utafiti uliotoka mwaka 2017 katika jarida la Science. Siku hizi wanasayansi husoma vinasaba vya kimelea herufi kwa herufi, kisha wanalinganisha nani ndugu wa nani, kama wazee wanavyohesabu ukoo. Walichambua vimelea zaidi ya 1,000 kutoka nchi 45 za Afrika. Wakakuta kwamba tangu mwaka 1970 ukoo mmoja wa kipindupindu umeingia barani angalau mara 11. Mara tano za mwisho ulitoka Asia, ukiwa tayari na usugu wa dawa nyingi. Kwa hiyo makala yangu ilikuwa nusu ya ukweli. Usugu hutengenezwa nyumbani, na pia husafiri.

Na bado unasafiri. Kimelea sugu kwa dawa kumi kilionekana Yemen mwaka 2018, kikafika Kenya mwaka 2023, na Tanzania na Komoro mwaka 2024. Azithromaisini hakiijali, siprofloksasini vilevile. Katika dawa tatu za kumeza zinazopendekezwa, imebaki doksisaiklini, ndugu wa damu wa tetrasaiklini ile ile. (Anayeokoa maisha hasa ni yule anayerudisha maji na chumvi mwilini; dawa hufupisha kuhara tu.)

Nilipomsimulia mama mkubwa, aliinuka akafungua kabati. Anavyo vidonge vya doksisaiklini, alivinunua duka la dawa bila cheti, "vya dharura". Anasema hanipi. Tumebishana mpaka chai imepoa.